Naomba ushauri: nyumba inapigwa mnada na benki, na bado ina watu ndani

Mleta uzi
Wakuu, salaam. Nimepanga miaka 11 na nimechoka kuhamahama na watoto. Wiki iliyopita nimeona tangazo gazetini: nyumba ya vyumba vitatu inanadiwa kwa niaba ya benki, mwenyewe alishindwa marejesho. Zimebaki siku 9. Nimepita nje mara mbili, kuta nzima, paa zuri, ila nguo zimeanikwa uani. Maana yake watu bado wamo. Fedha niliyo nayo inatosha malipo ya papo hapo, salio nafikiria kukopa. Mke wangu hataki hata kusikia. Niende?

Dalali Mstaafu
Mkuu, hiyo ya kukopa salio ndiyo inayonitisha. Nimeshika nyundo miaka mingi, na niliowaona wakiumia zaidi ni walioshinda mnada wakakosa fedha. Nyundo ikigonga, umeshaingia mkataba. Unalipa sehemu ya bei palepale, pengine asilimia 10, pengine 25, kutegemea masharti, na salio lina tarehe yake. Tarehe ikipita, ulicholipa kinakwenda na nyumba inarudi mnadani. Ikiuzwa kwa bei ya chini kuliko yako, unaweza kudaiwa hata hilo pengo. Tena benki ya kukukopesha itataka mthamini aingie ndani, na waliomo hawana sababu ya kumfungulia. Kama huna barua ya mkopo uliokwisha kubaliwa, usinyooshe mkono.

Mama Wawili
Msikilize mkeo, kaka. Sisi tulinunua. Hati tukapata, nyumba tusipate. Aliyekuwa mwenye nyumba aligoma kutoka, ikawa kesi ya mwaka na miezi minne, huku tunalipa pango kule tulikokuwa na wakili juu yake. Siku tunaingia, nyaya zimeng'olewa ukutani, masinki hayapo, deni la maji linatusubiri. Huna wa kumlalamikia, maana masharti yanasema inauzwa kama ilivyo. Na usije ukabadilisha kufuli au kutupa vyombo vya watu nje bila amri ya mahakama, kosa litageuka lako. Laiti tungemwendea mapema yule baba tukampa fedha ya kuhamia, tungetumia kidogo kuliko tulivyompa wakili.

Kitinda Mimba
Kwetu ilinadiwa nikiwa shuleni, kwa hiyo naandika nikiwa upande wa wenye nguo uani. Nenda ukabishe hodi mchana, kwa heshima, useme umeona tangazo. Utajua kama aliyemo ni mwenye nyumba au mpangaji mwenye mkataba, kama kuna kesi, kama wanachanga wakomboe. Mdaiwa akilipa deni lote na gharama kabla ya nyundo, mnada unafutwa. Baba yangu alikuwa anazunguka kwa ndugu mpaka asubuhi ya siku ile. Waliokuja kutazama nyumba hakuna aliyetusalimia.

Dalali Mstaafu
Huyo kasema kweli. Ila maneno ya mlangoni yathibitishe ofisi ya ardhi. Fanya upekuzi wa hati: jina la nani, rehani ngapi, pingamizi lipo au halipo. Na kodi ya jengo, uliza inadaiwa kiasi gani na masharti yanamtupia nani.

Mleta uzi
Nimerudi, wakuu. Upekuzi umetoka jana. Rehani ni mbili, si moja kama nilivyodhani, na kuna pingamizi la mke wa mwenye nyumba, anasema hakuridhia nyumba iwekwe dhamana. Nimemwonyesha mke wangu karatasi, tumekaa nayo mezani hadi usiku. Tumekubaliana siku ya mnada niende nikae nyuma bila kujiandikisha, nijifunze unavyoendeshwa, na wakati huo nianze kufuatilia barua ya mkopo kwa ajili ya nyumba nyingine. Mama Wawili, asante sana. Swali moja tu: ile rehani ya pili, nyumba ikishauzwa inafutika?

Dalali Mstaafu
Inategemea nani anauza. Akiuza mwenye rehani ya kwanza, kwa kawaida ya pili inaondoka kwenye hati, na mdai wake anasubiri kitakachobaki baada ya wa kwanza kulipwa. Lakini akiuza wa pili, unaweza kuinunua nyumba na deni la wa kwanza likabaki juu yake. Rudi kwenye tangazo, tazama jina la benki inayonadi, kisha ulilinganishe na upekuzi wako.