Kitanda cha kukunja cha kulalia kambini Vumawimbi: kipi kisichoumiza mgongo?

KondeMjini

Asalaam aleikum jamani. Tunapanga kulala Vumawimbi, ile pwani ya kaskazini Pemba, usiku mbili, mwezi wa Januari. Tuko saba: watu wazima sita na bibi mmoja mwenye maumivu ya kiuno, ambaye akikaa chini kuinuka ni kazi. Ruhusa ya sheha ipo. Mahema yapo mawili ya futi 7 kwa 7, kimo cha katikati sentimita 130. Kinachotushinda ni vitanda.

Madukani tumeona aina tatu. Ya kwanza ni kile cha miguu ya mkasi, turubai juu, kimo cha kiti. Ya pili ni kile kifupi cha kuunganisha vijiti vya alumini, kama shibiri moja kutoka chini. Ya tatu ni kile cha springi chenye sponji, kinakunjwa katikati na kina magurudumu, cha kulazia wageni nyumbani.

Kipi kinalalika mpaka asubuhi? Mmoja wetu ana kilo 105 na urefu wa futi 6. Mfuko umeandikwa kilo 120, niamini? Na chandarua kinafungwa wapi? Gari litatufikisha mwisho wa njia, baada ya hapo mizigo ni ya mkononi.

Mfumbati

Wa aleikum salaam. Cha springi kiacheni nyumbani. Ni kizito, magurudumu yanazama mchangani, sponji ikinywa umande haikauki siku ile, na springi zikipata hewa ya chumvi zinaanza kutu hata kabla hamjarudi Konde.

Kwenye hivyo viwili vilivyobaki, msiangalie unene wa kitambaa wala mifuko ya kutilia simu. Angalieni mambo haya kwa mpango huu: kukaza, upana, na chuma kimepita wapi.

Kukaza ndiyo raha yenyewe. Turubai likilegea, mabega yanasukumwa ndani, kiuno kinashuka, na mtu analala kama mzigo ndani ya pakacha. Anayelala chali atavumilia, anayelala ubavu ataamka bega limekufa ganzi. Kinachokaza turubai ni vile vitakizo viwili vya kichwani na miguuni, vile vijiti vya kupachika mwisho. Kitanda kizuri kikiwa kipya kitakizo chake cha pili kinaingia kwa taabu. Kikiingia kwa kidole kimoja dukani, baada ya wiki kitakuwa bembea.

Namna ya kukipachika bila kuchana pindo: kilaze kitanda ubavu, ingiza ncha moja mpaka ndani, kisha weka unyayo kwenye mfumbati wa chini (mfumbati ni ule mti au bomba refu la ubavuni) na uvute ule wa juu huku mwenzako akisukuma ncha ya pili. Si kugonga kwa jiwe. Ukigonga, bomba linabonyea na pindo linachanika pale pembeni, na pembeni ndipo vitanda vingi vinapofia. Kikipachikwa kwa mara ya kwanza kiacheni wazi nyumbani usiku mzima, kitambaa kitajinyoosha kidogo na safari ya pili kitakizo kitaingia kwa salama.

Upana: pima turubai lenyewe kutoka mfumbati hadi mfumbati, usipime kwa ncha za miguu. Sentimita 65 zinamtosha mtu mwembamba anayelala chali. Anayejigeuza anataka 70 hadi 75. Urefu ni urefu wa mtu na sentimita 15 juu yake. Futi 6 ni 183, kwa hiyo huyo ndugu yenu anataka turubai la 198 kwenda juu. Vitanda vingi vya kawaida ni 190. Atalala, lakini kisigino au kisogo kitakuwa juu ya kile kitakizo cha chuma usiku kucha.

Sasa chuma. Vitanda vingine vina bomba linalokatiza ubavu kwa ubavu chini kidogo ya turubai. Kipimo chake ni kulala hapo hapo dukani: lala wewe, mwenzako apitishe mkono chini ya mabega, nyonga na magoti. Mkono ukipita bila kubanwa, sawa. Turubai likigusa bomba, ondoka, maana hata ukitandika godoro la sponji uzito wa nyonga unalisukuma mpaka chini. Kwenye miguu ya mkasi katikati kuna nafasi kubwa, tatizo liko kwenye kingo ambako chuma kinapanda kulifuata turubai. Kwa hiyo cha mkasi kinataka upana zaidi, mtu asisogee ukingoni.

Kuhusu kilo 120: hiyo ni ya mtu aliyelala, uzito umetandazwa juu ya miguu yote. Mtu huyo huyo akikaa ukingoni kuvaa viatu, karibu uzito wote umekwenda kwenye jozi moja ya miguu na mfumbati mmoja. Akipiga goti ndiyo kabisa. Mimi huchukua uzito wa mtu na theluthi yake. Kilo 105 zinakuwa 140, basi atafute kilichoandikwa 150, na akae juu ya mguu, si katikati ya miguu miwili. Wala asikae kwenye ncha ya mwisho ya turubai iliyotokeza nje ya miguu, kitanda kitampindukia.

Bi_Mkoani

Mfumbati kasema kweli, ila yakhe hujaitazama hesabu ya mahema.

Futi 7 ni sentimita 213. Vitanda vya 70 vitatu vinakuwa 210. Watu saba kwenye mahema mawili maana yake hema moja lina vitanda vinne, haviingii, na hata hema la vitatu halitokuwa na pa kukanyaga. Tena kuta za hema zimeinama, kwa hiyo kitanda kirefu kichwa na miguu vinagusa kitambaa, na alfajiri kitambaa kimejaa umande.

Kimo nacho. Mtu akikaa wima, kutoka makalio hadi utosi ni kama sentimita 85. Kitanda cha 45 na 85 ni 130. Huyo bibi akiamka na kukaa, utosi uko darini, na hapo ni katikati ya hema tu. Pembeni hawezi kukaa kabisa.

Ushauri wangu: hema moja liwe la bibi na mtu mmoja wa kumsaidia, vitanda viwili, vya kimo cha 30 hadi 35. Kimo hicho anainuka kwa kushikwa mkono, na kichwa hakigusi. Hema la pili lilale watu wawili na mizigo. Watatu waliobaki walale nje chini ya turubai lililovutwa kwa kamba, kila mmoja na chandarua chake. Januari ni kaskazi, mvua si nyingi, na usiku joto liko nyuzi 24 au 25. Nje ndiko kuzuri.

Kwa hao wa nje wenye afya zao, kile kifupi cha vijiti kinawafaa zaidi ya cha mkasi. Kilo mbili hivi, kinaingia kwenye begi, na miguu yake ni pinde zinazolala chini kwa urefu, kwa hiyo hazizami mchangani. Ubaya wake ni mmoja mkubwa: hakikaliwi. Mtu akijitupa juu yake kwa makalio upinde unapinda na ukishapinda haurudi. Unapiga magoti chini kwanza, unaweka mikono, unalala. Kwa bibi hakifai hata kidogo.

Cha mkasi mchangani: kila mguu uko na ncha ndogo, unazama mmoja zaidi ya mwengine na kitanda kinapinda mshazari. Kateni vipande vya plaiwudi vya sentimita 12 kwa 12, kimoja chini ya kila mguu. Ndani ya hema msiweke mbao tupu, zina kona za kutoboa sakafu. Kandambili kuukuu iliyokatwa vipande inatosha, au mpitishe ubao mmoja mrefu chini ya miguu ya kila upande na jamvi chini yake.

Chandarua. Watu wengi hukifunga kikining'inia kwenye uzi mmoja, kisha ubavu wa mtu unagusa neti, na mbu anauma kupitia humo humo. Nje fungeni kamba kati ya nguzo mbili kwa kimo cha mita 2. Tieni vijiti viwili vya sentimita 90 juu ya chandarua, kimoja kichwani na kimoja miguuni, ili kitanuke kuliko kitanda. Pindo la chini lipitishwe chini ya godoro au mkeka, si chini ya miguu ya kitanda. Likiachwa linaning'inia mpaka mchangani, mbu wanaingia kwa chini.

Na hili linasahauliwa: mbu anauma pia kwa chini, kupitia turubai. Kitambaa kilichokazwa kimegandana na mgongo, na kile chembamba au cha wavu hakimzuii. Tandikeni kitu. Mkeka wa ukindu juu yake sponji ya sentimita 3, mbu hapiti na mgongo unapumua.

KondeMjini

Ahsanteni sana. Kweli hesabu ya mahema hatukuipiga. Bi Mkoani, cha kimo cha 30 na kitu sijakiona dukani, ni ama 45 ama kile kifupi. Fundi wa mbao anaweza kututengenezea viwili? Na godoro la bibi liwe la unene gani?

Seremala_Wete

Anaweza, na si kazi ngumu akipewa vipimo. Mbao ni mtiki au mfenesi. Mwembe msichukue, fukusi wanaupenda.

Mifumbati miwili ya sentimita 200, unene 4 kwa 5, kona zote zimepigwa randa na msasa zikawa mviringo, vinginevyo zinakata turubai. Miguu sita, jozi tatu za mkasi. Kimo kinatoka kwenye urefu wa mguu. Mkiwa na upana wa 68 kati ya mifumbati, mguu wa 80 unatoa kimo cha 42, mguu wa 75 unatoa 32. Nyinyi mnataka wa 75. Tundu la mkasi liwe katikati kabisa ya mguu, likipotea hata sentimita 2 kitanda kitaegemea upande mmoja. Boliti ya mili 10 na washa pande zote mbili, na nati za kujifunga, maana nati za kawaida zinalegea kwa kukunja na kukunjua. Jozi ya kwanza na ya mwisho zikae sentimita 25 kutoka ncha, ya tatu katikati. Chini ya miguu ya kila upande pigilieni ubao mrefu wa 3 kwa 5, kwa boliti pia. Huo ndio unaozuia kuzama, na vile vipande vya plaiwudi hamtovihitaji.

Vitakizo viwili lazima. Bila vitakizo mkasi unafunguka mpaka turubai linapouzuia, na uzito wote unavuta mishono.

Turubai la pamba, lile zito la maradufu, si la nailoni la kufunikia mizigo. Kabla ya kukata lilowekeni maji usiku mmoja likauke, maana pamba hupungua. Mkishona kwanza halafu likarowa, vitakizo havitoingia tena. Upana wa kukata ni 110: 68 za kulalia na 21 kila upande za kuzungushia mfumbati na kukunjia pindo. Mpeni mshonaji wa viti vya gari, siyo wa nguo, apige mistari mitatu kwa uzi wa nailoni. Pale miguu inapoingia pindo linakatwa pengo la sentimita 8, na kila pengo litiwe kiraka, la sivyo mpasuko unaanzia hapo.

Ubaya wake ni uzito. Hicho ni cha kubebwa na watu wawili. Kwa bibi mmoja inastahili, kwa watu saba msifanye.

Mfumbati

Godoro la bibi: sponji ngumu ya sentimita 5, pana sawasawa na turubai. Ukiweka ile nene ya 10 tena laini, anazama, kingo za mifumbati zinambana, na hapo umemrudishia tatizo la kiuno kwa mlango mwengine. Chini ya magoti mtilieni mto au shuka iliyokunjwa akilala chali. Akilala ubavu, mto uende katikati ya magoti.

Kwa vile vya dukani, mkinunua alumini tazameni ribiti, zile pini za kubania viungo. Zikiwa za chuma, kwenye chumvi alumini inaliwa kuzunguka ribiti, inatoka unga mweupe, na kiungo kinagoma. Mkirudi mwagieni maji baridi yasiyo ya chumvi kwenye kila kiungo, mkikaushe kivulini, kisha sugueni kipande cha mshumaa kwenye sehemu zinazosuguana. Mafuta ya nazi au ya cherehani msitie. Yanashika mchanga na mchanga unakwangua. Wala msikihifadhi kikiwa kimekazwa juani, turubai la polista linachakazwa na jua kuliko na watu.

Bi_Mkoani

Na mahali pa kutandika: tafuteni mstari wa mwani na taka uliopo juu kabisa pwani, kisha pandeni mita kadhaa juu ya huo. Tazameni mwezi. Mkiangukia bamvua (maji makubwa ya mwezi mchanga na mwezi mpevu) maji yatapanda zaidi ya mlivyoyaona mchana, na kile kitanda kifupi si kinga. Chini ya mnazi hapana, hata kama kivuli kinaita.

Yule wa kilo 105 mwambieni aje dukani mwenyewe.