Naomba ushauri: ziara ya masomo China, dawa za asili

Habari zenu wakuu. Nasoma famasia mwaka wa tatu, na chuo kinatupeleka China kujifunza dawa za asili za kule. Tutapita Bozhou, mkoani Anhui, penye soko kubwa la mitishamba. Msinicheke, sifuati miujiza: dawa mseto ya malaria tunayogawa dirishani tukiwa fildi chanzo chake ni mmea wao, qinghao, na mwanasayansi wao Tu Youyou alipewa Nobel 2015 kwa kazi hiyo. Kinachonisumbua ni usalama, maana mitishamba yenye asidi ya aristolokiki huua figo. Mliowahi kwenda, kwenye famasi za hospitali zao nikazanie kuuliza nini? Halafu sampuli kavu za mizizi, forodha wanaruhusu kurudi nazo, au niishie kupiga picha?