Kungumanga ilinilaza siku mbili, waliowahi kuizidisha tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Msicheke kwanza, kungumanga hii hii ya kwenye uji na visheti. Nimeona niandike maana nikimsimulia mtu anasema nilivuta kitu kingine nasingizia kiungo.

Mi nakaa Tandika, kazini nilihamishiwa shifti ya usiku miezi mitatu halafu nikarudishwa mchana, sa usingizi ukagoma kabisa. Mama mmoja mpangaji mwenzetu akanambia chukua maziwa ya moto, kwangua kungumanga kidogo, kunywa ukalale. Nikafanya na kweli nililala, wiki nzima mambo safi. Tatizo ni akili zetu, nikasema kama kidogo inalaza basi nyingi itanilaza zaidi. Siku hiyo kama saa moja jioni nikakwangua moja nzima na kipande, nikakoroga, nikanywa na machicha yake. Saa tatu naangalia mpira, sioni kitu. Nikasema hii wameniuzia ya zamani imeisha nguvu, nikaongeza nusu.

Hapo ndo nilipokosea, ile kitu haiji haraka, inachukua masaa matatu mpaka sita. Saa tano usiku mdomo ukakauka kama nimelamba unga wa muhogo, nameza mate hayapo. Moyo unaenda mbio mpaka naona fulana inatikisika. Naangalia pangaboi nahesabu mapanga moja moja wakati liko namba tano. Nikaenda chooni mkojo hautoki. Nikamwambia wife mi nakufa, ye anasema umelewa, nalia kabisa mtu mzima. Shemeji akaita bajaji.

Hospitali daktari ananiuliza umevuta nini, nasema kungumanga, akacheka, akaangalia kipimo cha mapigo akaacha kucheka. Bahati nzuri shemeji alibeba kile kikombe, chini kuna machicha ya kahawia yamegandia, daktari akanusa akaamini. Wakanibandika vidude vya moyo kifuani, drip, akasema haina dawa ya kuiondoa, tunakuangalia tu mpaka iishe yenyewe. Kesho yake mchana bado natembea kama niko kwenye boti, nimerudi kazini siku ya tatu.

Haya na nyie mwageni.

Mdau wa Ilala: Mkuu nakuamini asilimia mia. Sie tulikuwa wanne bwenini, kuna jamaa alisikia inapandisha stimu bei chee, tukabugia na soda. Wawili walitapika mapema wakapona. Mi na mwenzangu tulikesha, yeye akachukua daftari la jografia akaandika wosia, godoro langu apewe mdogo wangu, trunka libaki kwa mama, ninalikumbuka mpaka leo. Stimu yenyewe hamna wala raha hamna, ni hofu na kichefuchefu tu na macho mekundu mwalimu akajua bangi. Mbaya zaidi ukicheua unanuka pilau. Nilikaa kama miaka miwili msibani nakula wali mweupe tu watu wanashangaa.

Muuza viungo Kariakoo: Mie kwetu Unguja, miti iko uwani, tunda likipasuka unaona ule wavu mwekundu ndo basbasi, ndani yake ndo kungumanga. Kule Kizimbani vijana wanaotembeza wageni hupenda kuwaambia kuwa wanawake wanatafuna kabla ya ngoma ya harusi wachangamke, wageni wanacheka. Lakini bibi zetu walikuwa wanakwangua ncha ya kisu bas. Hapa dukani wanakuja wanaume wanataka nyingi wachanganye na asali, mambo yao ya chumbani, nikiwaambia taratibu wananiona nabania biashara. Na kina mama wanaotuliza vichanga acheni jamani, mtoto wa dada yangu alirambishwa akalala mpaka hashtuki ukimfinya, alilazwa.

Wa duka la dawa, Mbagala: Niongezee kidogo. Ndani yake kuna kitu kinaitwa miristisini, kinafika kwenye ubongo polepole ndo maana watu wanaongeza dozi kama mleta mada. Kungumanga moja ina gramu 5 mpaka 7 hivi, na kuanzia hizo gramu 5 tayari kuna watu wamelazwa. Kijiko cha chai cha unga wake ni kama gramu 2, sa piga hesabu mtu anaweka vijiko vitatu kwenye juisi. Ukiwa umekunywa pombe au unatumia dawa za usingizi au za sonona ndo usijaribu kabisa, vifo vichache vilivyoripotiwa vingine vilikuwa vya kuchanganya hivohivo. Na mabinti wanaodanganywa kuwa inatoa mimba, haitoi, inakupa sumu wewe. Ikishatokea usimlazimishe mtu atapike, mpeleke, na sema ukweli umekula nini na saa ngapi, nesi hatakupeleka polisi kwa kiungo cha chai.

Mdau wa Kinondoni: Mnatisha watu bure, mama yangu anaweka kwenye maziwa tangu nazaliwa na yuko fiti.

Mleta mada: Mkuu mama anaweka punje, hata mi wiki nzima ya punje sikupata shida. Mi nilikunywa karibu mbili kwa usiku mmoja.

Mdau wa Ilala: Sa mkuu usingizi ulirudi au bado?

Mleta mada: Ulirudi. Daktari aliniuliza kahawa unakunywa saa ngapi, nikamwambia pale kijiweni saa mbili usiku, vikombe vitatu na kashata. Akaniangalia tu.