Ngozi ya mzee inatoka kama plastiki kwenye Blender (programu ya kutengeneza picha za 3D), naombeni msaada

Fundi_Sura: Wakuu, habari za jioni. Natengeneza mzee mvuvi wa pwani, mweusi, umri kama miaka 70, kwa ajili ya filamu fupi. Umbo limekaa vizuri na makunyanzi nimeyachonga, lakini nikirenda (nikitoa picha ya mwisho) anatoka mdoli wa plastiki. Nikiongeza sabsafesi (mwanga kupenya na kusambaa chini ya ngozi), masikio na pua vinawaka vyekundu. Natumia Blender 4 na Cycles, injini yake ya kurenda. Tatizo liko wapi?

Kivuli: Mkuu, mzee wako ana urefu gani? Sabsafesi inahesabiwa kwa umbali halisi. Kama umemfanya sentimita 20, mwanga unapenya kichwa kizima. Mpe mita 1.7, bonyeza Ctrl+A uthibitishe skeli (ukubwa wake), kisha kwenye sheda ya Principled, yaani mipangilio ya mwonekano wa ngozi, shusha skeli ya sabsafesi (umbali mwanga unaopenya). Inakuja na 0.05, yaani sentimita 5! Milimita chache zinatosha. Radiasi ya 1.0, 0.2, 0.1 (umbali wa nyekundu, kijani na bluu) iache hivyo hivyo, maana nyekundu ndiyo inayosafiri mbali zaidi ndani ya nyama.

Dada_Rangi: Skeli ni kweli, ila hiyo plastiki inatoka kwenye mng'ao. Kwa ngozi nyeusi, melanini inameza sehemu kubwa ya mwanga unaoingia, kwa hiyo jicho linashika zaidi ule unaoakisiwa juu juu. Ukiweka rafunesi (kiwango cha kukosa mng'ao) ile ile uso mzima, umemuua. Ipake kwa mkono: paji la uso na pua viwe na mafuta, mashavu yawe makavu.

Vitundu vya ngozi navyo usivimwage kwa noizi moja (madoa ya kubahatisha yanayotengenezwa na programu). Puani ni vya duara, mashavuni vimevutika, midomo ina mistari ya wima. Rangi pia: viganja vimepauka, vifundo vya vidole na kuzunguka macho kumekolea. Inaniuma sana kuona watu wetu wanatengenezwa kwa kumpaka Mzungu kahawia moja mwili mzima.

Fundi_Sura: Asante sana dada. Nimeshusha skeli, masikio yametulia. Na taa? Ninayo moja, iko mbele yake.

Dada_Rangi: Ipeleke ubavuni na uifanye pana. Taa ya mbele inafuta vitundu vyote ulivyohangaikia. Mwekee na malaika (vinyweleo laini vya ngozi) mashavuni na masikioni, mafupi mno. Halafu kisogoni: mtu aliyechomwa na jua miaka mingi, ngozi ya nyuma ya shingo inaweza kuwa nene na mikunjo yake ikakatana. Hapo pachonge kwa makini, kisha utuwekee picha tuone.