Mparachichi au mboga za majani? Naomba ushauri

Habari zenu ndugu zangu. Niko Jinja, Uganda, na nyuma ya jiko letu kuna kipande kidogo cha ardhi, ukubwa wa vyumba viwili tu. Mvua za Machi zinakaribia, nami bado sijaamua nipande nini.

Sukuma wiki ukipandikiza miche, miezi miwili hivi unachuma. Ukivunja majani ya chini tu, shina linaendelea kutoa. Nakati (mboga ya majani ya jamii ya nyanya chungu) na dodo (mchicha) nazo hazichelewi, na kwangu mboga ya kila siku ni pesa.

Lakini moyo uko kwenye mparachichi. Mche uliobebeshwa (uliounganishwa na kikonyo cha mti mwingine) huchukua kama miaka mitatu kuzaa, wa mbegu ni zaidi sana. Mama mkwe ananisihi nipande mti, ili wajukuu waje kula matunda. Kinachonitisha ni kivuli: ukishatanuka, mboga zitapata jua wapi? Tena upande wa chini maji hutuama, na mizizi ya mparachichi huoza upesi penye maji.

Mwenye vyote viwili kwenye kiwanja kidogo, tafadhali: mti uliuweka kona ipi, na mboga gani ilivumilia kivuli?