Kutoa magogo shambani: tao la magurudumu, pawatila au kupasulia hukohuko?

Mbagala_Shambani: Wakuu, heshima yenu. Nina mikaratusi yangu Mkuranga, imeshafikia kuvunwa. Tatizo ni kwamba gari linaishia barabarani, na kutoka hapo hadi kwenye miti ni kama mita 300 za mchanga mtupu. Nawaza njia tatu: nichomeleshe lile tao la magurudumu mawili linaloning'iniza gogo, nikodi pawatila (lile trekta dogo la magurudumu mawili) iburute kwa mnyororo, au nilete watu wa chensoo (msumeno wa mnyororo) wapasulie hukohuko, mbao zitoke begani. Ipi ina nafuu? Magogo ni unene wa sentimita 30, nayakata mita 4.

FundiGerezani: Mkuu, anza na uzito. Gogo la vipimo hivyo lina mita za ujazo 0.28, na mkaratusi mbichi hukaribia uzito wa maji, kwa hiyo weka kilo 280. Tao linanyanyua kichwa tu, mkia unabaki chini, kwa hiyo unashughulika na nusu: 140. Mkono wa kuvutia ukiwa mrefu mara nne ya kimo cha tao juu ya ekseli, pale pagumu kabisa utahitaji nguvu ya kilo 35 hivi, tena unavuta kuelekea chini. Mtu mmoja anaweza.

Linavyofanya kazi: unasimamisha mkono wima, tao linalala kwa nyuma, ndoano inafika kwenye gogo, unafunga mnyororo kwa kuubana, kisha unashusha mkono na kichwa kinapanda. Usiniletee ekseli nzima ya mkokoteni, itapita palepale gogo linapotakiwa kukaa. Inakatwa, kila gurudumu linapata kipande chake kwenye mguu wa tao.

Mzaramo halisi: Hiyo mikaratusi ni yako kweli au ndiyo ya msitu wa hifadhi wa Kazimzumbwi? 😂

Mbagala_Shambani: Yangu kaka, nimeipanda mwenyewe.

Mzaramo halisi: Sawa. Hata hivyo pitia ofisi ya TFS (wakala wa misitu) ya wilaya upate hati ya kusafirishia kabla gari halijapakia. Kwenye kizuizi hakuna anayesikiliza habari za kupanda mwenyewe.

mama_mbao: Mimi nauza mbao Buguruni, nasema kwa upande wa mnunuzi. Chensoo inakula karibu milimita 9 kila mkato. Ukipasua mbao za inchi moja, kila tatu unazopata, ya nne imeshakuwa vumbi. Halafu unene haulingani, mteja anaona. Kupasulia hukohuko kuna maana kama njia haipitiki kabisa, na yako inapitika. Kuburuta nako siupendi: pua ya gogo inalima mchanga, magome yanajaa chembe, na ukifika kiwandani msumeno unakufa makali. Wengine wanakutoza zaidi kwa hilo.

Kijana wa Chanika: Mchanga ndio adui hapo. Tairi za pikipiki ni nyembamba, zitazama. Tafuta rimu za inchi 13 za gari dogo, na tairi zake na hab zake (vitovu vyenye beringi), tairi uzijaze upepo kidogo tu. Wakikuuzia beringi zilizochoka utajua hujui.

FundiGerezani: Naunga mkono. Na bomba liwe la inchi 2 lenye ukuta mnene, si lile la mageti. Jambo moja la hatari: mkono ukikuponyoka wakati unaushusha na gogo limeshaanza kupanda, unaruka juu kwa kasi. Kidevu chako kisiwe juu yake. Gogo likishapanda, fungia mkono kwenye gogo kwa kamba.

Mbagala_Shambani: Na kuna mteremko karibu na barabara. Ninyanyue gogo lote lisiguse chini?

Kijana wa Chanika: Hapana! Ule mkia unaokwaruza ndio breki yako. Na usifunge bodaboda mbele, klachi itaungua. Magogo yakiwa mengi, kodi pawatila ivute hilohilo tao, mchomeleaji akuwekee tu shimo la pini mwishoni mwa mkono.

Mbagala_Shambani: Basi tao, lenye shimo la pini. Fundi, nakufuata inbox tupange bei.