Naomba ushauri: mhuri wa PAKISTAN kwenye stempu za ushuru za India

Habari zenu wakuu. Nina stempu za ushuru za India za anna 1 (fedha ya zamani ya India), za Mfalme George VI, bado zimebandikwa kwenye stakabadhi. Zimegongwa neno PAKISTAN kwa wino wa zambarau, limekaa upandeupande. Baada ya India kugawanywa na Pakistan kuzaliwa 1947, stempu za posta zilichapwa neno hilo kwa mashine kule Nasik, India, nyingine zikagongwa kwa mkono hukohuko Pakistan. Zangu ni za mkono, hilo halina ubishi. Nimezipitia kwa lenzi: saini moja ya 1948 inaonekana kupita juu ya wino wa mhuri. Katalogi yangu ni ya stempu za posta tu, za ushuru hazimo.

Je, saini hiyo yatosha kuthibitisha kwamba mhuri si wa kughushi? Na nizibandue, au niziache na stakabadhi zake?